Wiki ya mwisho ya Juni: mbunge, jimbo lake na tozo ya miamala ya 2021

Tarehe 15 Julai 2021 ujumbe wa simu unaomfikia Mtanzania baada ya kutuma pesa uliongezeka kipande. Palikuwa na kiasi kilichotumwa, palikuwa na ada ya kampuni, na sasa palikuwa na tozo ya Serikali, imeandikwa peke yake. Aliyemtumia mama yake kijijini fedha ya dawa alikatwa wakati wa kutuma. Mama naye alipofika kwa wakala wa kwao kutoa, akakatwa tena. Wengi waliijua sheria hiyo siku hiyohiyo, wakiwa wamesimama mbele ya kibanda. Wabunge wao walikuwa wameipitisha Dodoma mwishoni mwa Juni.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kisa cha kodi: Serikali ilitoza, wananchi wakalalamika, Serikali ikapunguza. Hapa nakichambua kutoka upande wa mbunge, kwa sababu naamini huko ndiko kilikoanzia. Tumezoea kusema kwamba mbunge ana kazi mbili zinazogombania muda wake, sera za taifa na shida za jimbo, na kwamba akizidisha moja nyingine inalala. Katika kisa hiki kazi hizo mbili hazikugombana hata kidogo. Shida za jimbo ndizo zilizoizaa tozo. Mbunge aliomba kituo cha afya kuanzia Aprili, na Juni akaonyeshwa nani atakilipia.

Aprili hadi Juni

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kuitazama wiki ya mbunge wakati wa Bunge la Bajeti. Ndiyo mikutano mirefu kuliko yote ya mwaka: inaanza karibu na mwanzo wa Aprili na kumalizika Juni 30, kwa kuwa Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3:00 asubuhi, Spika anaingia, dua inasomwa, hati zinawekwa mezani, kisha yanakuja maswali.

Kipindi cha maswali ndicho wananchi wa jimboni wanachokisubiri kwenye redio na televisheni, na mbunge analijua hilo. Swali la msingi aliliandika muda mrefu nyuma, likapelekwa kwa Katibu wa Bunge, likapangiwa siku. Linaulizwa kwa mtindo ambao umekuwa kama wimbo: je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata fulani? Je, ni lini barabara fulani itajengwa kwa kiwango cha lami? Naibu Waziri anasimama na kusoma jibu. Serikali inatambua umuhimu wa kituo hicho. Wananchi wanapongezwa kwa nguvu zao, maana wameshainua boma. Na mwishoni, karibu kila mara, fedha zitatengwa kadri zitakavyopatikana.

Mbunge ana haki ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo ustadi wake unapoonekana. Anaweza kumwomba Naibu Waziri afuatane naye baada ya Bunge akajionee mwenyewe. Anaweza kukumbusha kwamba ahadi hiyo ilitolewa na viongozi wa kitaifa wakati wa kampeni. Wananchi wakimsikia siku hiyo wanasema mbunge wetu kasema. Lakini kituo hakijajengwa kwa kuwa amesema, na jibu la Naibu Waziri halijataja fedha hizo zitatoka wapi. Hakuna aliyeuliza pia. Katika utaratibu wa maswali, chanzo cha fedha si sehemu ya swali.

Baada ya maswali inakuja hoja ya wizara ya siku hiyo. Mchangiaji anapewa dakika kumi, na orodha ikiwa ndefu zinapungua hadi tano. Dakika za mwanzo zinakwenda kwenye shukrani na pongezi. Kengele ya kwanza inamkuta katikati ya barabara za kata zake. Ya pili inamkuta akiunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mwenye uchungu zaidi anasubiri Kamati ya Matumizi, pale Bunge linapopitia fungu moja moja la wizara, aseme atashika shilingi, yaani azuie mshahara wa waziri mpaka apate maelezo yanayoridhisha. Mara nyingi waziri anaeleza, mbunge anairudisha shilingi, na fungu linapita.

Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo ndiyo nafasi ya kuuliza jambo la kitaifa bila kulipeleka mapema. Mchana, Bunge likiahirishwa, mbunge anakimbilia ofisi za wizara Mji wa Serikali, Mtumba, kufuatilia barua ya halmashauri yake. Kwenye jukwaa la wageni wamo madiwani na wanafunzi waliokuja kumtembelea. Simu haitulii: msiba, harusi, ada ya mtoto, mabati ya darasa, kijana anayetafuta kazi. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009 ilimpa mbunge uenyekiti wa kamati ya mfuko huo ili walau mahitaji madogo ya maendeleo yawe na mahali pa kwenda, lakini mfuko hauwezi kumaliza maombi ya kata zote, na misiba si kazi yake.

Ijumaa jioni anayetoka Morogoro, Singida au Iringa anaweza kuwasha gari akalala kwake. Anayetoka Kagera, Rukwa au Ruvuma anabaki Dodoma. Kwa hiyo katika miezi mitatu ambayo nchi inapangiwa mapato na matumizi yake, wabunge wengi wa majimbo ya mbali wanawasikia wapiga kura wao kwa simu tu, na simu inaleta shida zilizokwisha kutokea. Hakuna anayepiga kumwuliza mbunge juu ya kifungu cha muswada ambao haujasomwa.

Mwaka ambao kila mtu alikuwa anaomba

Bunge la Bajeti la 2021 lilikuwa na hali yake ya pekee. Rais John Magufuli alifariki Machi 17, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa Machi 19. Bunge la 12 lilikuwa na miezi michache tu tangu uchaguzi wa Oktoba 2020, likiwa limejaa wabunge wapya wenye ahadi mbichi za kampeni. Kati ya majimbo 264, karibu yote yalikuwa ya CCM. Kwa Tanzania Bara, CHADEMA ilishika jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini la Aida Khenani. Maana yake ni kwamba kilio cha barabara na zahanati hakikuwa tena hoja ya upinzani. Kilitolewa na chama tawala chenyewe, wiki baada ya wiki, wizara baada ya wizara. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, alitajwa kana kwamba ni mgonjwa wa familia: hana fedha, hana vifaa, mvua zimemaliza madaraja.

Serikali ilisikia. Hilo ni lazima lisemwe kwa haki. Kila jimbo lilitengewa shilingi milioni 500 kwa barabara, jambo ambalo wabunge walilipokea kwa makofi ya kweli. Na Alhamisi ya Juni 10, Waziri wa Fedha na Mipango, Mwigulu Nchemba, aliposoma bajeti ya shilingi trilioni 36.3, alileta na majibu ya chanzo cha fedha ambacho miezi miwili nzima hakikuwa kimeulizwa. Shilingi 100 ziliongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara. Kodi ya jengo ilihamishiwa kwenye LUKU, yaani kwenye ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Laini ya simu ilipendekezewa tozo ya shilingi 10 hadi 200 kwa siku kulingana na uwezo wa kuongeza salio. Na kila muamala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu ulipendekezewa tozo ya shilingi 10 hadi 10,000, kulingana na kiasi.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba matumaini makubwa: takriban trilioni 1.25 kwa mwaka. Kituo cha afya cha tarafa kilihesabiwa kujengwa kwa shilingi milioni 500. Chukua trilioni 1.25 ugawe kwa milioni 500, unapata vituo 2,500. Mbunge aliyekuwa ameambiwa kwa miaka kwamba fedha zitatengwa kadri zitakavyopatikana alikuwa anatazama, kwa mara ya kwanza, namna zitakavyopatikana. Sishangai kwamba wengi waliunga mkono. Ningekuwa na kata kumi na nane na kituo kimoja cha afya, ningevutiwa pia.

Mjadala wa bajeti ulidumu siku saba za kazi, Juni 22 ikapitishwa kwa kura ya kuitwa majina. Kisha ukaja Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaobadilisha sheria moja moja ili kodi zilizotajwa kwenye hotuba zipate nguvu. Ni muswada mzito kuusoma. Unagusa sheria nyingi kwa mpigo, kila kifungu kinasema futa neno hili weka lile, na asiyeifungua sheria mama pembeni haelewi kinachobadilishwa. Kamati ya Bajeti ndiyo inayouchambua na kusikiliza wadau. Wabunge wengine wanaupata katika wiki ambayo mizigo iko nusu kwenye begi, baada ya miezi mitatu Dodoma.

Ndani ya muswada huo tozo ya miamala iliingizwa kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Na hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa kizima. Sheria iliweka mamlaka ya kutoza. Jedwali la viwango, lile linaloonyesha nani akituma kiasi gani atakatwa kiasi gani, liliachwa kwa kanuni za Waziri. Mbunge alipiga kura akijua ncha mbili, 10 na 10,000. Katikati yake, ambako ndiko anakoishi mwalimu, muuza mboga na mama anayepokea fedha ya dawa, hapakuwa na namba mezani pake.

Nguvu za kukataa

Baada ya hasira za Julai wengi waliuliza kwa nini hakuna mbunge aliyekataa. Swali ni la haki, lakini linahitaji kujibiwa kwa kufungua Katiba kabla ya kuwahukumu watu kwa woga.

Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge mwenye miezi saba tangu uchaguzi, mwenye madeni ya kampeni, anapoitwa jina lake kwa sauti mbele ya wenzake, anajua kwamba hapana nyingi zikikusanyika zinaweza kumrudisha kwa wapiga kura mapema mno. Ibara ya 71 inamwondoa kwenye kiti akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka. Kwa hiyo chama kikimfukuza, na jimbo limekwenda. Ukichanganya hizo mbili na vikao vya wabunge wa chama ambako msimamo unawekwa kabla ya kuingia ukumbini, kura ya hapana kwenye bajeti inakuwa jambo zito kuliko linavyoonekana kwenye televisheni.

Upo mlango mwingine, nao naona haukutumika ipasavyo. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au kubadilisha kodi bila mapendekezo ya Rais yanayoletwa na waziri. Mbunge wa kawaida hawezi kuleta kodi mpya wala kuongeza iliyopo. Lakini ibara hiyohiyo inaacha nje ya katazo jambo moja: kupunguza kodi. Kupunguza hakuhitaji kibali cha Rais. Mbunge mmoja mwenye jedwali la marekebisho, aliyekaa na wakala watatu na karatasi, angeweza kusema mwisho uwe 4,000 badala ya 10,000, au miamala ya chini ya kiasi fulani isiguswe. Asingeitwa mwasi. Asingeliweka Bunge hatarini. Angekuwa anaifanya kazi ambayo Ibara ya 63 inaitaja waziwazi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi.

Kwa nini mlango huo haukutumika ipasavyo? Kwa maoni yangu sababu si woga tu. Marekebisho ya kodi yanahitaji hesabu, na mbunge wa kawaida hana mtu wa kumpigia hesabu. Katibu wa mbunge jimboni anashughulika na barua za mapendekezo, ugeni na misiba. Muda wa mbunge mwenyewe uliishia kwenye maswali ya lini na barabara za kata. Wiki ya mbunge imepangwa vizuri sana kuomba, na vibaya sana kupima anacholipishwa mwananchi kwa kuombewa.

Julai, jimboni

Bunge liliahirishwa na wabunge wakarudi nyumbani. Julai na Agosti ndiyo miezi ya mikutano ya kata, ya kukaa kwenye Baraza la Madiwani ambako mbunge ni mjumbe, ya kuonyesha kilichopatikana Dodoma. Wabunge wengi walirudi na habari njema halisi: milioni 500 za barabara, na kituo cha afya kinachokuja.

Wakakutana na watu wenye simu mkononi. Mtu hakuhitaji kusoma sheria wala kuwa na chama. Alifungua ujumbe akaonyesha. Wakala walisema wateja wamepungua, na wakala si tajiri wa kampuni, ni kijana mwenye meza na mwavuli anayeishi kwa kamisheni ya miamala. Watu walianza kurudi kwenye njia za zamani: bahasha kwa kondakta wa basi, fedha mkononi kwa jirani anayesafiri. Kwa nchi ambayo ilikuwa imefanikiwa kuwaingiza mamilioni ya watu wasio na akaunti za benki kwenye mfumo wa fedha kupitia simu, hilo lilikuwa pigo, na liliwapiga zaidi wale wasio na njia nyingine.

Swali lililowauma wabunge zaidi kwenye mikutano halikuwa la viwango. Lilikuwa: na ninyi mnalipa? Hasira hiyo ndiyo iliyokuwa hewani pale mbunge wa Ukonga, Jerry Silaa, aliposema nje ya Bunge kwamba mishahara ya wabunge haikatwi kodi. Bunge lilisema si kweli, suala likaenda Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Agosti 31, siku Bunge lilipoanza tena kukutana, akasimamishwa mikutano miwili. Uamuzi ule unaweza kutetewa kwa kanuni. Ninachojali mimi ni mpangilio: wiki sita na zaidi tangu tozo ianze, wananchi wakisubiri chombo chao kizungumzie makato yao, na miongoni mwa mambo ya kwanza kuamuliwa yakawa nidhamu ya mbunge.

Nafuu ilitoka kwingine. Ndani ya siku chache za kuanza kwa tozo Rais alikuwa ameelekeza iangaliwe upya, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana na mawaziri wahusika, timu ya wataalamu ikaundwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu. Septemba ilipoanza Serikali ilitangaza kupunguza viwango kwa asilimia 30. Kwa kuwa viwango vilikuwa kwenye kanuni, Waziri alivipunguza kwa kanuni. Mlango uleule uliomnyima mbunge nafasi ya kuliona jedwali Juni ndio uliorahisisha kulibadilisha Septemba, na mara zote mbili mbunge alikuwa nje ya mlango.

Fedha zenyewe hazikuliwa hewani, na hili nalo ni sehemu ya kisa. Katika mwezi wa kwanza zilikusanywa takriban bilioni 48, na bilioni 22.5 kati yake zikapelekwa kuanza ujenzi wa vituo vya afya 90, na nyingine kumalizia madarasa 560. Vituo vya tozo vilifika 234. Ukipita leo katika tarafa kadhaa utavikuta, jengo la wagonjwa wa nje, maabara, wodi ya wazazi. Lakini angalia namba ya mwezi wa kwanza pembeni ya lengo. Trilioni 1.25 kwa mwaka ni zaidi ya bilioni 100 kwa mwezi, na makusanyo hayakufika nusu, hata kabla ya punguzo. Watu walikuwa wameshaacha kutuma, au wanatuma mara chache. Wizara yoyote ingeweza kukosea makisio. Mbunge, ambaye ndiye anayejua kwamba kijijini kwake pesa inatumwa elfu tano elfu tano, ndiye aliyekuwa na taarifa ya kuyasahihisha.

Miaka miwili ya kurudi nyuma

Desemba 2021 aliyekuwa Spika, Job Ndugai, akiongea Dodoma, alilirudia jambo hili kwa namna iliyomgharimu. Mwezi Septemba nchi ilikuwa imepata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kwa ajili ya athari za UVIKO-19, uliojenga madarasa 15,000. Ndugai alihoji lipi bora, kukopa au kujibana kwa tozo ambazo Bunge lilizipitisha, na akaonya kuhusu ukubwa wa deni. Aliomba radhi, Rais akamjibu hadharani Januari 4, 2022, na Januari 6 akajiuzulu. Yapo mengi ya kisiasa katika tukio lile. Kwa uchambuzi huu inatosha kusema kwamba swali lake lilikuwa la msingi, na kwamba mahali pake palikuwa ndani ya ukumbi, Juni, kwenye meza ya Kamati ya Bajeti, likiwa na majedwali mawili ya kulinganishwa.

Bajeti ya 2022/23, iliyosomwa Juni 14, 2022, ilishusha kiwango cha juu cha tozo kutoka 7,000 hadi 4,000. Wakati huohuo wigo ukapanuliwa hadi miamala ya benki, na hadithi ikajirudia karibu neno kwa neno: muswada wa Juni, makato ya Julai na Agosti, kelele, chama chenyewe kupitia kwa msemaji wake Shaka Hamdu Shaka kuitaka Serikali isikilize. Septemba 20 Waziri Nchemba alisimama bungeni kutangaza kufutwa kwa tozo kwenye uhamishaji kati ya benki na simu, ndani ya benki moja na kati ya benki na benki, na kuwaondolea wanaotoa kiasi kisichozidi shilingi 30,000. Yakaanza kutumika Oktoba 1. Safari hii walau tangazo lilitolewa mbele ya wabunge, na nafikiri wale waliosema Agosti wakiwa majimboni walichangia.

Juni 15, 2023 pendekezo likawa kufuta tozo kwenye kutuma pesa kwa simu, ibaki kwenye kutoa. Hotuba hiyohiyo ilileta shilingi 100 nyingine kwa lita ya mafuta na shilingi 1,000 kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Mbunge akarudi jimboni, ambako wananchi wanajenga boma la zahanati kwa nguvu zao, na saruji imepanda.

Ambacho kingebadilisha Juni

Napendekeza mambo matatu, na siyapi uzito sawa.

Dogo kuliko yote ni la maswali. Waziri anapojibu kwamba fedha zitatengwa zikipatikana, mbunge atumie moja ya maswali yake mawili ya nyongeza kuuliza chanzo. Haligharimu chochote na linamfundisha msikilizaji wa redio kwamba kituo na kodi ni kitabu kimoja.

La pili ni la muda. Mapendekezo ya kodi mpya yanayogusa kila mtu yangefika kwa wabunge Aprili, kabla ya wizara za kisekta, hata kama makisio hayajakamilika. Najua wizara husema ukitangaza kodi mapema wafanyabiashara wanaficha bidhaa. Kwa sukari au mafuta hoja hiyo ina nguvu. Kwa kutuma pesa haina. Hakuna anayeweza kulimbikiza miamala ya mwaka mzima stoo. Aprili mbunge wa Rukwa angekuwa na wiki kumi za kuwapigia madiwani wake na wakala wa vijiji vyake.

La tatu ndilo ninaloliona la lazima. Sheria inapompa Waziri mamlaka ya kupanga viwango vya tozo kwa kanuni, rasimu ya jedwali lenyewe iwekwe mezani pamoja na muswada, siku ileile, na kura ipigwe watu wakiliona. Sasa hivi Kamati ya Sheria Ndogo inazikuta kanuni zikiwa zimeshaanza kutumika. Jedwali likiwepo, mbunge hahitaji mtaalamu wa uchumi kumsaidia. Anatafuta mstari wa elfu kumi na mstari wa elfu thelathini, anaangalia makato ya kutuma na ya kutoa, anajumlisha ada ya kampuni, na anajua kabisa atakachoulizwa Julai. Akiona ni kikubwa, Ibara ya 99 imemwachia nafasi ya kuandika namba ndogo pembeni na kuiwasilisha kwa Katibu wa Bunge kabla kifungu hakijafikiwa.